Kujikinga na Madai ya Fidia: Mwongozo kwa Wenye Maduka, Mikahawa na Hoteli Nchini Kenya

Mteja aliyeteleza karibu na friza, mgeni aliyeibiwa chumbani, mlaji aliyeharisha baada ya karamu ya harusi, mshukiwa wa wizi aliyefungiwa stoo na mpishi aliyeungua kwa mafuta ya moto ni watu watano wenye malalamiko tofauti, lakini kila mmoja wao anaweza kumshtaki mwenye biashara na kila mmoja ana sheria yake ya kutegemea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kenya wasio na idara ya sheria: mwenye duka la kujihudumia mtaani, mkahawa, baa, gesti au hoteli ya vyumba vichache, ambaye humwona wakili mambo yakishaharibika.

Katika kesi za uzembe, mahakama haimwajibishi mtu kwa sababu tu ajali imetokea mahali pake. Humwajibisha kwa sababu hakuweza kuonyesha alichokuwa akikifanya kila siku ili ajali ya namna hiyo isitokee. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kinga inayoelezwa hapa ni kazi ya kawaida pamoja na kumbukumbu zake za maandishi, na ni sehemu ndogo tu inayomhitaji wakili. Haja ya kujipanga imeongezeka tangu Mahakama ya Madai Madogo ilipoanza kazi jijini Nairobi mwaka 2021, kwa kuwa mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya majeraha ya mwili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mteja ambaye zamani angekata tamaa kwa kuhofia gharama na miaka ya kuahirishwa kwa kesi sasa ana pa kwenda.

Hatua ya 1: Jua eneo lako linaanzia wapi na kuishia wapi

Sheria ya Dhima ya Wakaliaji wa Majengo, Sura ya 34, inamtwisha mkaliaji wa jengo wajibu wa kuchukua uangalifu unaofaa ili kila anayeingia kwa idhini awe salama katika shughuli iliyomleta. Mkaliaji si lazima awe mwenye hati ya kiwanja. Ni yule aliye na udhibiti wa mahali, na mahali pamoja panaweza kuwa na wakaliaji wawili. Mpangaji wa duka ndani ya jengo kubwa la biashara ndiye mkaliaji wa sakafu ya duka lake, ilhali ngazi, lifti, vyoo vya pamoja na maegesho kwa kawaida huwa chini ya usimamizi wa jengo. Utata huanzia mahali ambapo mipaka hiyo imevukwa kimyakimya, kama vile pale mwenye mkahawa anapotandaza meza kwenye veranda ya pamoja au mwenye duka anapopanga magunia ya mchele na vitanda vya viazi nje ya mlango. Aliyepanga vitu vyake pale amejiongezea eneo la kuwajibikia, hata kama mkataba wa upangaji hausemi hivyo.

Toa mkataba wako wa upangaji, soma vifungu vya matengenezo, kisha uandike kwenye karatasi moja nani anatengeneza nini. Ikiwa taa ya ngazi ni ya mwenye jengo na imeungua, mwandikie ujumbe wenye tarehe na uuhifadhi. Simu ya mdomo haitakusaidia miaka miwili baadaye, hasa akiwa amebadilisha meneja.

Hatua ya 2: Tengeneza utaratibu wa ukaguzi unaoacha alama

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi kwa kuwa inaonekana kuwa kazi ya mtu wa usafi. Ipo kesi ya Uingereza ya mwaka 1976, Ward dhidi ya Tesco, ambayo mawakili wa nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza huitaja kila mteja anapoteleza dukani. Mwanamke mmoja aliteleza juu ya mtindi uliomwagika katika duka la kampuni hiyo mjini Liverpool. Hakuna aliyejua mtindi ule ulikuwa umekaa sakafuni kwa muda gani. Kampuni ilieleza kwamba sakafu ilifagiwa mara tano au sita kwa siku na kwamba wafanyakazi waliagizwa kusimama karibu na kilichomwagika na kumwita mfagiaji. Majaji wengi waliona maelezo hayo hayatoshi: mtindi haumwagiki wenyewe, sakafu ilikuwa chini ya udhibiti wa duka, kwa hiyo duka ndilo lililopaswa kuonyesha kwamba ajali ingetokea hata kama utaratibu mzuri ungefuatwa. Halikuweza. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini hoja yake ina nguvu na wakili wa mlalamishi ataileta.

Kwa mwenye duka, maana yake ni kwamba utaratibu usioacha alama ni sawa na utaratibu usiokuwepo. Weka daftari au karatasi ya ukaguzi mahali panapofikika, na uwaagize wafanyakazi waandike mambo wanayoyaona, si alama ya tiki pekee. Ingizo linalofaa husomeka hivi: saa nne na dakika ishirini asubuhi, njia ya maziwa, maji yanavuja chini ya friza ya pili, kibao cha tahadhari kimewekwa, jina la aliyepiga deki, saa nne na nusu pamekauka, fundi wa friza amepigiwa simu. Ingizo kama hilo linaonyesha kwamba tatizo lilionekana, lilishughulikiwa na chanzo chake kilifuatiliwa. Kwa upande mwingine, wakili mzoefu huitambua mara moja karatasi iliyojazwa jioni kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kila saa ikiwa na tiki iliyonyooka, na akiishikilia mbele ya hakimu itakudhuru kuliko kutokuwa na karatasi.

Ukaguzi ufanyike mara ngapi hutegemea mahali. Sakafu ya vigae karibu na mlango siku ya mvua, eneo la mboga zinazonyunyiziwa maji, kaunta ya samaki na njia ya mhudumu kutoka jikoni vinahitaji jicho la mara kwa mara. Rafu za sabuni hazihitaji hivyo. Kibao cha tahadhari ni kizuri, lakini Sheria ya Dhima ya Wakaliaji wa Majengo yenyewe inasema kwamba onyo peke yake halimwondolei mkaliaji dhima isipokuwa lilitosha kumwezesha mgeni awe salama kwa kadiri inayofaa. Kibao kilichosimama mahali pamoja mwaka mzima, pawe pakavu au pawe na maji, hakimwonyi mtu tena.

Sheria inasema pia kwamba mkaliaji hana budi kutarajia watoto wawe na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kwa hoteli za Pwani na nyinginezo zenye mabwawa ya kuogelea na bustani za michezo, kifungu hicho kina uzito mkubwa: bwawa lisilo na ua, kina kisichoandikwa na mwokoaji aliyetumwa kupeleka soda mezani ni mambo ambayo hakuna maelezo yatakayoyatetea.

Kuhusu moto, usisubiri mkaguzi wa kaunti. Mlango wa dharura haupaswi kufungwa kwa namna isiyofunguka kutoka ndani wakati kuna watu jengoni, na hofu ya wezi si sababu inayokubalika ya kuutia kufuli. Mnamo Januari 2009 moto katika dukakuu moja katikati ya Nairobi uliua zaidi ya watu ishirini. Kanuni za kupunguza hatari za moto za mwaka 2007 zinataka mazoezi ya kuhama jengo yafanyike angalau mara moja kwa mwaka. Yafanye, piga picha, na uandike waliohudhuria.

Mwisho, fundi wa nje. Ukimwajiri mtu anayejitegemea kurekebisha nyaya au dari naye akaharibu kazi, unaweza kuepuka dhima iwapo ulikuwa na sababu ya kumkabidhi kazi hiyo, ulijiridhisha kwamba ana ujuzi na uliikagua kazi kwa kadiri ya uwezo wako. Nakala ya leseni yake na stakabadhi ya malipo ndizo zitakazokusemea.

Hatua ya 3: Usitegemee mabango

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba bango lenye maneno "Hatutawajibika" limemaliza kila kitu. Bango linalosema kwamba mali iliyouzwa hairudishwi halina nguvu dhidi ya bidhaa mbovu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa amedhamini ubora unaofaa wa bidhaa na huduma, na inabatilisha sharti lolote linalojaribu kuuondoa udhamini huo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa pamoja na fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro zake. Unaweza kukataa kurudisha shati ambalo mteja amelichoka, lakini huwezi kukataa kurudisha pasi inayopiga shoti. Bango la haki zaidi, na lenye kinga zaidi, ni lile linaloeleza siku za kurudisha, haja ya risiti na namna kasoro zinavyoshughulikiwa.

Upande wa hoteli kuna suala la wakati. Katika kesi maarufu ya Uingereza ya mwaka 1949, Olley dhidi ya Marlborough Court, mgeni wa hoteli aliacha ufunguo mapokezi, mtu asiyejulikana akauchukua, akaingia chumbani na kuiba makoti ya manyoya. Hoteli ilijitetea kwa tangazo lililobandikwa chumbani lililosema kwamba wenye hoteli hawatawajibika kwa vitu vilivyopotea isipokuwa vile vilivyokabidhiwa kwao vihifadhiwe. Mahakama ililikataa tangazo hilo kwa sababu mkataba ulikuwa umekamilika mapokezi, kabla mgeni hajaingia chumbani na kulisoma. Masharti yote unayotaka yamfunge mgeni yaelezwe kabla hajalipa, kwenye fomu anayoijaza na kutia sahihi au kwenye ukurasa wa kuwekea nafasi, tena kwa maandishi yanayosomeka. Mapokeo ya sheria hiyo hiyo ya Kiingereza yamemtwika mwenye hoteli wajibu mzito kuhusu mizigo ya wageni kuliko mwenye duka, kwa hiyo sefu ya mapokezi, stakabadhi ya kila kilichokabidhiwa na daftari la funguo za akiba ni mambo ya lazima hata kwa gesti ya vyumba sita.

Maegesho nayo yana hila yake. Mteja anayeegesha mwenyewe bila malipo, akaondoka na funguo zake, kwa kawaida amepewa ruhusa tu ya kutumia nafasi. Mhudumu wako akipokea funguo na kumpa tiketi, gari limekabidhiwa kwako, na likipotea wewe ndiwe utakayetakiwa kueleza ulivyolilinda. Mwenye baa anayeruhusu walinzi wapokee funguo ili wapange magari vizuri amejitwika dhima asiyolipwa kwayo.

Hatua ya 4: Wafundishe walinzi namna ya kumshughulikia mshukiwa

Duka linalopoteza sabuni ya shilingi mia mbili linaweza kulipa maelfu kwa sababu ya namna lilivyomtendea aliyeshukiwa kuichukua. Utaratibu uliozoeleka katika maduka mengi ni kumvuta mshukiwa hadi chumba cha nyuma, kumvua viatu na mkoba, kumpiga picha akiwa ameshika bidhaa, kumlazimisha aandike kwamba ameiba, kumtoza mara kumi ya bei, kisha kuibandika picha yake ukutani. Karibu kila kitendo katika mlolongo huo ni dai lake peke yake: shambulio, kifungo kisicho halali, kashfa, uvunjaji wa faragha na matumizi ya data binafsi bila ridhaa, na hiyo inayoitwa faini ya dukani haina msingi wowote wa kisheria, kwa kuwa uwezo wa kutoza faini ni wa mahakama.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele yake kosa ambalo polisi wanaweza kumkamatia bila hati, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Pia inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Waagize walinzi wafuate mambo haya:

Wasimsimamishe mtu kwa tetesi au kwa sura yake. Awe ameonekana, na mtu au na kamera, akichukua kitu, akikificha na kuvuka kaunta ya malipo bila kulipa. Kabla hajavuka kaunta bado ana nafasi ya kulipa.

Wamwendee wawili, kwa sauti ya chini, na maneno yawe swali: "Samahani dada, tunaweza kuangalia risiti pamoja nawe?" Mlinzi anayepaza sauti "Mwizi!" mlangoni amemkashifu mtu mbele ya umma, na nchini kwetu neno hilo linaweza kumtoa mtu uhai kabla ya gari la polisi kufika. Mahakama zinalijua hilo.

Wasimpekue mwilini kwa nguvu. Akikubali kufungua mkoba, iwe mbele ya shahidi. Na mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuzingatia heshima, jambo ambalo sheria hiyo hiyo inalitamka wazi.

Wawaite polisi mara moja na waandike saa waliyowaita. Kumweka mtu stoo kwa saa tatu ukisubiri meneja arudi kutoka benki ni kosa.

Ikidhihirika kwamba mlinzi amekosea, meneja amwombe mteja radhi papo hapo, mahali pale pale alipoaibishwa. Kuwa mlinzi ameajiriwa na kampuni ya ulinzi hakukuondolei dhima moja kwa moja, hasa kama ni meneja wako aliyekuwa akimpa maagizo. Hakikisha kampuni hiyo imesajiliwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Huduma za Ulinzi za Kibinafsi ya mwaka 2016, na kwamba mkataba wenu unaeleza nani atalipa iwapo mlinzi atamdhuru mtu. Mabaunsa wa baa wanaingia katika maelezo haya haya, ila wao hatari yao kubwa ni ngumi.

Hatua ya 5: Chakula na vileo

Dai la chakula lina ugumu wa uthibitisho kwa pande zote mbili, kwa hiyo mwenye kumbukumbu ndiye mwenye nafasi nzuri. Hakikisha kila anayegusa chakula ana cheti halali cha afya, ambacho hupimiwa upya kila baada ya miezi sita, na uweke orodha ya tarehe za kuisha ili usishtukizwe na afisa wa afya ya umma. Hifadhi risiti za wauzaji wa nyama, maziwa na samaki, kwa kuwa bila risiti huwezi kumfuata aliyekuuzia. Andika joto la friza na la vyombo vya bufee mara kadhaa kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5 na cha moto kizidi nyuzi 60. Ukiandaa karamu, tenga sampuli ndogo ya kila sahani na uigandishe kwa siku chache. Watu mia mbili waliokula wali wako wakiwa wameharisha ishirini tu, ambao pia walikunywa maji ya kisima nyumbani kwa bibi harusi, sampuli hiyo ndiyo itakayokutetea.

Bidhaa zilizofungwa kiwandani hazimwondoi muuzaji katika kesi. Tangu uamuzi wa mwaka 1932 wa konokono aliyedaiwa kuonekana ndani ya chupa ya kinywaji huko Uskoti, mtengenezaji huwajibika kwa mtumiaji hata kama hawana mkataba, lakini muuzaji bado anabanwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kwa upande wa mkataba. Kwa hiyo mteja akirudisha soda yenye uchafu, usiitupe wala usiifungue. Iweke kwenye mfuko, andika nambari ya toleo na tarehe ya kuisha, kisha mjulishe msambazaji kwa maandishi. Bidhaa zilizopita muda wake ziondolewe rafuni zikae kwenye kasha lenye alama, kwa sababu zikikutwa zimechanganyika na nyingine hakuna atakayeamini kwamba zilikuwa zinasubiri kurudishwa.

Kuhusu pombe, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 na inakataza pia kumuuzia aliyekwisha kulewa. Mhudumu awe na ruhusa ya kukataa bila kuogopa kukatwa mauzo yake, na kila tukio la kukataa liandikwe.

Hatua ya 6: Wafanyakazi wako nao wanaweza kukushtaki

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi, vibarua wakiwemo, na haiulizi ni nani mwenye kosa: aliyeumia akiwa kazini hulipwa. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa sawa na mapato ya miezi 96, kiasi kinachoweza kuufunga mkahawa usio na bima. Ajali iripotiwe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba baada ya kupata habari, na iliyosababisha kifo ndani ya saa 24. Biashara yenye wafanyakazi 20 au zaidi inahitaji kamati ya usalama na afya, na idadi hiyo hiyo ndiyo inayolazimisha kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, jambo zito katika hoteli na baa ambako wahudumu husumbuliwa na wateja na kuagizwa wawavumilie wenye pesa.

Kuna tabia moja inayostahili kukomeshwa: kumkata mhudumu mshahara kwa sahani iliyovunjika au kwa mteja aliyetoroka bila kulipa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu makato kwa uharibifu uliofanywa kwa makusudi, na kwa upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake unamkabidhi fedha waziwazi. Glasi iliyoteleza mkononi haimo. Mhudumu aliyekatwa miezi kumi kisha akafutwa kazi kwa ujumbe wa simu, bila kuelezwa kosa na kusikilizwa kama kifungu cha 41 kinavyotaka, anaweza kutuzwa hadi mshahara wa miezi 12 juu ya hayo makato. Kibarua naye, akiwa amefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi, hahesabiki tena kuwa kibarua, hata ukimlipa kila jioni.

Hatua ya 7: Picha, kamera na muziki

Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ikiwa unapiga picha za wateja kwa ajili ya matangazo, omba ruhusa ya maandishi na umwache anayekataa. Weka tangazo la kamera mlangoni, usiweke kamera vyooni wala vyumba vya kubadilishia nguo, na nakala za vitambulisho za wageni zifungiwe kabatini badala ya kuzagaa mapokezi. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, kamishna anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Muziki unaopigwa kwa wateja unahitaji leseni. Thibitisha na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni nani aliyeidhinishwa kuikusanya ada kabla ya kumlipa yeyote anayekuja na risiti.

Hatua ya 8: Saa ya kwanza baada ya ajali

Hapa ndipo wengi huharibu kesi waliyokuwa na nafasi ya kushinda. Kwanza, mhudumie aliyeumia: mketishe, mpe huduma ya kwanza, mtafutie gari la kwenda hospitalini na umtume mfanyakazi aandamane naye. Mwambie pole. Wapo wanaoshauri wenye biashara wasiseme neno hilo wakihofia litachukuliwa kuwa kukiri kosa, lakini kwa Mwafrika Mashariki pole ni utu, na mteja aliyeanguka mbele ya meneja aliyekunja uso atakwenda kwa wakili kabla hajakwenda kwa daktari. Usichopaswa kusema ni "Tulijua hapo pana utelezi" au "Tutalipa kila kitu". Ukilipa gharama za hospitali, andika kwamba unalipa kwa msaada wa kibinadamu bila kukubali dhima.

Pili, piga picha za mahali kabla hapajasafishwa, pamoja na viatu vya aliyeumia, taa na kibao cha tahadhari. Chukua majina na simu za mashahidi wasio wafanyakazi wako. Jaza fomu ya tukio siku hiyo hiyo, ukiandika yaliyoonekana tu na kuacha maoni. Sentensi kama "Mteja alikuwa hatazami anakokwenda" iandikwe na aliyemwona, si na meneja aliyekuwa ofisini.

Tatu, okoa picha za kamera. Mitambo mingi hufuta picha za zamani baada ya wiki chache, na barua ya wakili huja baada ya miezi. Hifadhi kuanzia nusu saa kabla ya ajali, kwa kuwa nusu saa hiyo ndiyo inayoonyesha kama sakafu ilikaguliwa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti cha mtu anayesimamia mtambo, kwa hiyo andika ni nani aliyenakili, lini na kwa kifaa gani. Hifadhi picha hizo hata kama zinakuumiza: zikipotea ukiwa umeshajua kuna dai, hakimu ana haki ya kufikiria sababu.

Hatua ya 9: Bima na barua ya wakili

Bima ya wafanyakazi ni ya lazima, lakini bima ya dhima kwa umma, ile inayolipa mteja akiumia, wengi hawana mpaka mwenye jengo awalazimishe. Unapoinunua, uliza maswali manne: kikomo kwa tukio moja ni kiasi gani, sumu ya chakula imo au imeachwa nje, vitendo vya walinzi na mabaunsa vimo, na ni kiasi gani cha kwanza utakachokilipa mwenyewe. Soma pia sharti la kutoa taarifa. Bima nyingi hutaka ujulishe mara tu tukio linapotokea, si mara unaposhtakiwa, na hukataa kulipa ukikiri kosa au ukielewana na mlalamishi bila idhini yao.

Barua ya madai ikifika, piga muhuri wa tarehe ya kuipokea, ipeleke kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo na usiijibu kwa hasira. Dai la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya tukio, la kashfa miezi 12, na la mkataba miaka sita. Mlalamishi akiwa naye alikosea, kwa mfano alipita chini ya kamba iliyofunga sehemu yenye maji, fidia yake inaweza kupunguzwa kulingana na sehemu yake ya lawama, na ndiyo sababu ya kuipiga picha ile kamba. Madai madogo ambayo kumbukumbu zako zinaonyesha wazi kwamba hukufuata utaratibu yamalizwe mapema kwa maelewano ya maandishi yanayotaja kwamba malipo ni ya mwisho, bima ikiwa imekubali. Kwa kuwa mahakama ina uwezo wa kuongeza muda wa kufungua dai la uzembe pale mlalamishi alipokuwa hajui mambo ya msingi, usichome daftari za ukaguzi miaka mitatu inapotimia. Zihifadhi pamoja na fomu za matukio kwa angalau miaka sita, katika kasha lisilofikiwa na maji wala panya, na umwonyeshe lilipo yule atakayeachiwa biashara ukisafiri.